Barafu Ikishuka Kule kwa Ndugu Zetu: Wakae Ndani au Watoke?

Mwezi huu ukurasa wa familia unasafiri mbali kidogo, lakini mkisoma mpaka mwisho mtaona tumerudi hapa hapa kambini.

Simu iliingia saa tano usiku. Mama mmoja wa zoni ya jirani alikuwa amelala, akaamka moyo unadunda akidhani ni habari ya msiba. Kumbe ni binti yake aliyeko Kentucky, Marekani, anakoishi na mume na watoto watatu. Kule ilikuwa saa tisa mchana.

"Mama, mvua inanyesha tangu jana, lakini huku haitiririki, inageuka kioo. Miti imevunjika, umeme umekatika, nyumba imeanza kuwa baridi kama nje. Baba yao anataka kwenda kazini, mimi namkataza. Tufanye nini?"

Mama akajibu kama mzazi yeyote wa hapa angejibu: "Mwanangu, si mlinunua lile jiko la kuchomea nyama? Washeni makaa, liingizeni ndani, fungeni madirisha, mlale wote chumba kimoja." Kwa bahati, jirani mzee aligonga mlango kuwajulia hali kabla kiberiti hakijawashwa. Alipoona makaa yamepangwa jikoni akapiga kelele: hapana, mtakufa!

Mama huyo ametuomba tuandike habari hii. Anasema hataki mzazi mwingine amuue mtoto wake kwa mapenzi.

Barafu hii ni ipi?

Sisi tukisikia barafu tunafikiria ile ya kwenye mfuko wa nailoni ambayo watoto wananunua sokoni. Na theluji tumeiona kwenye picha, nyeupe na laini kama pamba. Dhoruba ya barafu si hiyo wala ile. Huko juu angani kunakuwa na tabaka la hewa ya joto, theluji inayeyuka na kuwa mvua. Lakini chini karibu na ardhi hewa ni baridi sana, chini ya nyuzi sifuri. Tone linafika likiwa bado maji, likigusa kitu linaganda pale pale. Linaganda kwenye tawi, kwenye waya, kwenye ngazi, kwenye gari. Tone juu ya tone, mpaka kila kitu kimevaa kioo.

Inapendeza kwa macho, lakini ni nzito. Barafu yenye unene wa nusu inchi tu inaweza kuuongezea waya wa umeme mzigo wa zaidi ya kilo 200 kati ya nguzo na nguzo. Ndiyo maana nguzo zinalala chini kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Mambo haya yametokea. Januari 1998 mvua ya namna hii ilipiga mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani kwa siku kadhaa. Watu zaidi ya milioni 4 walikosa umeme. Kusini mwa Montreal kuna sehemu iliyoitwa Pembetatu Nyeusi kwa sababu ya giza, na wengine walikaa zaidi ya mwezi mzima bila taa. Kanada ilitoa wanajeshi zaidi ya 15,000 kusaidia. Januari 2009 ikawa zamu ya Kentucky: nyumba na biashara zaidi ya 700,000 zilikosa umeme, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Februari 2021 baridi kali na barafu viliingia Texas, mahali ambapo watu hawajazoea. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi walikufa kwa baridi, wengine barabarani, wengine kwa moshi na gesi wakijaribu kujipasha joto.

Angalieni hapo, ndugu. Waliotoka walikufa na waliokaa ndani walikufa. Kwa hiyo swali si kukaa au kutoka tu. Swali ni kukaa vipi, na kutoka lini.

Saa za kwanza: tulia ndani

Wakati mvua inaganda, na saa zinazofuata, mahali pa usalama kwa kawaida ni ndani. Matawi yanaendelea kuanguka hata mvua ikiisha, tena jua likitoka ndipo mapande ya barafu yanapodondoka. Barabara inaonekana imelowa tu, kumbe ni barafu isiyoonekana. Madaraja ndiyo yanaganda kwanza, maana upepo baridi unapita juu na chini yake.

Familia ikae chumba kimoja, kile chenye madirisha machache. Blanketi lizibe chini ya mlango. Vaeni nguo nyingi nyembamba, moja juu ya nyingine, na kofia hata ndani ya nyumba. Hapo akina mama zetu hawahitaji mwalimu: kulala pamoja na kupeana joto tunajua. Mtoto mchanga tu msimfunike uso.

Friji isifunguliwe hovyo. Ikibaki imefungwa, chakula kinakaa salama saa 4 hivi. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48. Bomba la maji liachwe lidondoke kidogo kidogo ili lisigande na kupasuka. Simu itumike kwa mambo ya lazima. Sisi wa huku tusiwapigie kila saa tukawamalizia chaji! Ujumbe mfupi unatosha.

Jiko lisiingie ndani

Hapa tukae kidogo, maana ndipo roho zinapopotea. Makaa yanayowaka yanatoa gesi inayoitwa kabonimonoksidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Ukiona makaa yamekuwa mekundu na moshi umekwisha, unadhani sasa ni salama. La! Gesi bado inatoka. Inachukua nafasi ya hewa safi kwenye damu. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Aliyelala hasikii chochote, anapitiliza tu.

Kwa hiyo jiko la makaa, jiko la gesi la kambi na jenereta havitumiki ndani ya nyumba, wala gereji, wala barazani karibu na dirisha. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Gari lisiwashwe ndani ya gereji ili kupata joto, hata kama mlango uko wazi. Nyumba nyingi za kule zina kengele ndogo ukutani ya kugundua gesi hii. Ikilia, usiitoe betri eti inasumbua watoto. Tokeni wote nje kwanza, halafu pigeni 911.

Lini kutoka ni lazima?

Kuna wakati kukaa ndani ni ukaidi. Toka au omba msaada kama nyumba inazidi kupoa na kuna mtoto mchanga, mzee au mgonjwa. Toka kama kuna mashine ya hospitali inayotegemea umeme. Na mtu akitetemeka sana, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka au kusinzia ovyo, baridi imeshaingia mwilini. Huyo ni wa 911, si wa kungoja asubuhi.

Kwa shida isiyo ya dharura, sehemu nyingi za Marekani na Kanada kuna namba 211. Wanaeleza vituo vya kujipasha joto viko wapi. Mara nyingi ni shule, kanisa au ukumbi. Ombeni mkalimani, semeni tu "Swahili". Ndugu zetu wengine wanaona haya kwenda, wanasema tumechoka kulala kwenye mahema na makundi ya watu. Tunawaelewa. Lakini usiku mmoja kwenye ukumbi haukurudishi ukimbizini.

Na kazi je?

Huyo baba wa Kentucky alikuwa na hofu ya kweli. Mtu amepata kazi juzi, kodi ya nyumba inangoja, nyumbani huku wanangoja hela ya ada. Anaona bora ateleze njiani kuliko afukuzwe. Ushauri wetu ni huu: apige simu kazini kabla zamu haijaanza, aseme barabara imeganda, aandike jina la aliyepokea na saa. Kutokufika bila taarifa ndiko kunakoharibu. Na sisi tunaotumiwa pesa tumsaidie: tukimwambia "usijali, mwezi huu tutajibana", tumemwondolea sababu ya kuhatarisha roho.

Akitoka, atembee kama bata: hatua fupi, mguu wote chini, mwili umeinama mbele kidogo, mikono isiwe mifukoni. Ngazi zimwagiwe chumvi au mchanga. Akiona waya uko chini, akae mbali mita 10 au zaidi, hata kama umenyamaza. Waya uliolala hauna maana umekufa.

Tukirudi hapa kwetu

Sasa, ndugu msomaji, kabla hujafunga ukurasa, jiulize: msimu wa mvua, usiku ukiwa wa baridi, jiko lako linalala wapi? Gesi inayoua Kentucky haiulizi umefika nchi gani. Kwenye chumba chetu cha udongo chenye kidirisha kimoja, tena kimezibwa na plastiki, inafanya kazi ile ile. Pika na kuota moto nje, na usilale na jiko ndani. Ukiogopa wezi, mwagia makaa maji kwanza huko huko nje, yakizimika kabisa na jiko likipoa ndipo uliingize.

Mama wa zoni ya jirani alipigiwa tena siku ya nne. Umeme umerudi, watoto wanacheza, na mkwe hakufukuzwa kazi. Alitembea kama bata mpaka kituo cha basi. Mama alicheka, halafu akatuambia jambo moja. Tangu usiku ule wa simu, jiko lake analilaza nje.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.