Theluji Darasani, Masika Paani

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Ukunda theluji ni nini, atakujibu bila kusita. Ukimwuliza kombamoyo ni nini, aghalabu atanyamaza, ijapokuwa huenda amelala chini yake tangu azaliwe.

Sina ugomvi na theluji. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, kama vile barafu lilivyo la Kiajemi, na Kiswahili kimeyapokea yote mawili kwa moyo mkunjufu. Johannes Rebmann, mmishonari aliyekaa Rabai, alipouona mlima Kilimanjaro mnamo Mei 1848, kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule wa kileleni baridi tu. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Kati ya hao wawili, mimi namheshimu zaidi kiongozi wa njia: alitaja kile ambacho mwili ungekihisi.

Kinachotugusa sisi wa Kwale ni mvua. Wazee walitenga masika ya Machi hadi Juni, mchoo wa katikati ya mwaka, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa sababu kila moja ina kazi zake. Paa huezekwa wakati wa kaskazi kavu, Januari na Februari, si mawingu yakiisha kutanda.

Nyumbani kwetu jiko bado ni la makuti, na hapo ndipo ninapoona thamani ya msamiati. Makombamoyo ni miti inayoshuka kutoka kileleni mwa paa hadi ukutani. Juu yake hufungwa fito, na juu ya fito makuti. Mwenye nyumba anayeweza kumwambia fundi, "Makombamoyo matatu yameoza," atalipia matatu. Asiyekuwa na neno husema, "Paa limeharibika," na huenda akalipia paa zima. Tena paa lenye mwinamo mkali humwaga maji, lililolala huyanywa. Maji yamwagikayo nayo huchimba chini ya ukuta wa udongo, ndiyo maana mtaro huchimbwa kabla ya masika. (Vijana wengi sasa huuita mtaro "mfereji", nami sitawagombeza, mradi wauchimbe.)

Upande wa pili wako wataalamu wa hali ya hewa, ambao hutangaza milimita. Milimita 20 kwa saa 24 zamaanisha nini kwa mama mwenye nyumba? Hesabu ni nyepesi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 10, basi, itapokea lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Akiambiwa mitungi 60, atajua la kufanya: kukinga ile inayomfaa na kuipatia njia iliyobaki.

Neno El Nino lilituingia kwa nguvu mwaka 1997, na wengi wakalifanya jina la mvua yenyewe, ilhali ni kupanda kwa joto la maji ya bahari ya Pasifiki. Liliporudi mwishoni mwa 2023, vuli ikafurika pwani yote. Wavuvi wa Vanga, karibu na mto Umba, wanalo neno jingine la kulifikiria pamoja na hilo: bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati ambapo bahari iliyojaa huzuia mto kutoka.

Hatari kubwa zaidi haina kelele. Sehemu kubwa ya ukanda wa Diani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji hupenya upesi bila kuchujwa. Mvua kubwa ikijaza choo cha shimo, uchafu waweza kufika kisimani ilhali maji yangali maangavu kabisa. Yachemshwe.

Walimu wenzangu, Februari ijayo watoeni wanafunzi nje na daftari. Waulize mafundi majina ya kila mti wa paa, wapime upana wa paa la darasa, wahesabu mitungi. Kupima mvua kwahitaji kopo lenye kuta wima, lililowekwa mahali pa wazi, na rula.