Baridi na Betri ya Helikopta Ndogo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

MWALIMU: Fungueni madaftari, mwandike maneno manne: betri, baridi, nguvu, helikopta. Nitangoja kidogo. Vyema. Leo yuko pamoja nami mwanafunzi mmoja, mzee wetu, atakayeuliza kwa niaba yenu. Karibu, Mzee.

MWANAFUNZI: Ahsante, Mwalimu. Naanza na hilo neno la mwisho. Helikopta naijua, lakini hiyo ndogo ni ipi?

MWALIMU: Ni ya mchezo, Mzee, lakini huruka kweli. Mapanga yaliyo juu yake yakizunguka upesi, yanaiinua. Haina rubani ndani. Mwenyewe husimama chini na rimoti mkononi, na amri zake hupita hewani kwa mawimbi ya redio, kama sauti yetu hii. Mota huzungushwa kwa umeme wa betri ya lithiamu.

Sasa sikilizeni kisa. Tuseme mtu yuko Kanada, wakati wa majira ya baridi. Theluji imefunika uwanja. Betri yake ilijazwa jana, ikalala ndani ya gari usiku kucha. Asubuhi anaipima: imejaa. Anairusha helikopta. Mara mapanga yanalegea, helikopta inaanguka, mapanga yanavunjika. Jioni, nyumbani penye joto, anaipima betri tena. Umeme bado umo!

MWANAFUNZI: Ajabu! Basi ule umeme ulikwenda wapi, ukarudi vipi?

MWALIMU: Haukwenda popote. Mzee, umepata kuona mafuta ya nazi asubuhi yenye baridi?

MWANAFUNZI: Huganda chupani. Ukiinamisha chupa, hayatoki.

MWALIMU: Je, yamepungua?

MWANAFUNZI: La, hayakupungua. Ukiyaweka juani yanamiminika tena.

MWALIMU: Hilo ndilo somo letu. Baridi haili umeme wa betri, bali huuzuia kutoka. Ndani ya betri mna dawa ya majimaji. Chembe ndogo za lithiamu husafiri ndani ya dawa hiyo, kutoka upande mmoja hadi wa pili, na safari hiyo ndiyo itupayo umeme. Dawa ikipoa huwa nzito, na chembe huenda polepole.

Saa ndogo ya mkononi isingeona tofauti kubwa, kwa kuwa hutumia umeme kidogo sana. Lakini helikopta hutaka umeme mwingi kwa mara moja, hasa inapopanda. Betri baridi haiwezi kuutoa kwa haraka hiyo, kwa hiyo volti hushuka. Volti ni msukumo wa umeme. Seli moja ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Zikishuka mno, kifaa kilichomo ndani ya helikopta hupunguza nguvu ya mota ili kuilinda betri. Gari likiishiwa nguvu husimama kando ya njia. Angani hakuna kando ya njia.

MWANAFUNZI: Basi mtu huyo afanye nini, Mwalimu?

MWALIMU: Afanye mambo matatu.

La kwanza, betri ilale ndani ya nyumba, na uwanjani ikae mfuko wa ndani wa koti mpaka saa ya kuruka. Iwe na joto la chumba, kama nyuzi 20 za Sentigredi. Asiipashe moto jikoni, maana joto kali laweza kuilipua.

La pili, aruke chini chini kwanza. Betri ikifanya kazi hujipasha moto yenyewe. Tena asikae sana angani. Ikiwa desturi yake ni dakika 6, ashuke baada ya 4.

La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote: asichaji betri yenye baridi. Wakati wa kuchaji, lithiamu hurudi na kuingia ndani ya kaboni. Chini ya nyuzi 0 haiingii vizuri, bali hujibandika nje kama madini. Madhara hayo hayaponi hata betri ikipata joto, na baadaye yaweza kuleta moto. Betri ikae kwanza ndani ya nyumba mpaka ipoteze ubaridi, ndipo aichaji, naye akae karibu nayo.

MWANAFUNZI: Kumbe kuilinda betri ni kazi kuliko kuruka!

MWALIMU: Umesema kweli. Mwaka 2021 Wamarekani walirusha helikopta ndogo katika sayari ya Mars. Jina lake Ingenuity, uzito wake kilo 1.8. Usiku wa huko baridi hufika nyuzi 90 chini ya sifuri. Umeme mwingi wa betri yake ulitumika kujipasha joto usiku, na uliobaki ndio wa kurukia. Ilitarajiwa kuruka mara 5. Mpaka Januari 2024 iliruka mara 72.

Nasi tusioishi penye theluji tuna faida ya somo hili. Wapandao Kilimanjaro huona simu zao zikizimika karibu na kilele. Simu ikizimika hivyo, usidhani imekufa. Iweke kifuani chini ya nguo, ipate joto, kisha ujaribu tena.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari:

1. Kwa nini betri iliyojaa yaweza kushindwa kuinua helikopta penye baridi?
2. Mafuta ya nazi yanatufundisha nini?
3. Kuna hatari gani kuchaji betri yenye baridi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.