Simu Haipati Intaneti? Tazama Anwani

Ruta ni kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Kazi yake ni kama ya karani wa posta anayegawa namba za masanduku: kila simu au kompyuta huipa namba yake, yaani anwani. Bila anwani habari hazifiki. Muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, atakosa kujua bei ya Dar es Salaam.

Basi tazama anwani ya kompyuta yako. Ikianza na 169.254, ujue imejipa yenyewe baada ya kuikosa ya ruta. Fanya hivi: zima ruta, ngoja dakika moja, washa, kisha jiunge upya. Kama kuna namba iliyoandikwa kwa mkono, ifute, ruta igawe yenyewe. Vyombo viwili vyenye namba moja hugombana. Jaribu haya kabla hujatoa fedha kununua ruta nyingine.