Klipu moja ya shosho ilinifunza kupanga taimlaini yangu

Simu iliingia Jumatano saa mbili usiku. Alikuwa mama mmoja ambaye mwaka jana nilimrekodia ruracio ya bintiye kule Murang'a.

"Kijana wangu, shosho ametuacha. Tunazika Ijumaa. Kuna pale alikuwa anabariki wasichana. Unaweza kututolea hiyo, na sauti yake?"

"Pole sana, mum. Nitaitafuta," nikasema. Nilipokata simu nikaanza kutokwa na jasho.

Sababu ni hii. Kwenye ile video ya dakika 40, shosho anaonekana kwa sekunde nne tu, na juu yake nilimwaga muziki. Sauti yake niliizima mimi mwenyewe. Kipande kizima, chenye maneno yake, kilikuwa mahali fulani kati ya klipu 400 na ushee, ndani ya diski ambayo wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepanga kuifuta ili nipate nafasi.

Kama unaediti, unaijua hiyo hofu. Kama huediti lakini unarekodi kila kitu kwa simu, bado inakuhusu.

Mimi hii kazi sikuisomea. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, nikajifunza kuediti kupitia YouTube kwa laptopu ya kukopa. Ukijifunza hivyo unajua kuweka muziki na kupendezesha rangi, lakini kupanga vitu hakuna anayekufunza. Unavuta klipu zote, unazimwaga kwenye taimlaini, unakata. Video ikitoka safi, nani atauliza?

Shida ya kwanza ni majina. Kamera nyingi za Sony huziita klipu C0001, C0002, C0003. Za Canon, nyingi huandika MVI na namba mbele. Ukibadilisha kadi, hesabu inaweza kuanza upya. Ndiyo maana nilijikuta na C0017 mbili: moja ni mashangazi wakiimba langoni, nyingine ni sufuria za wali. Hakuna hata moja iliyoandikwa "shosho".

Nikaanza kufungua klipu moja baada ya nyingine. Kufika saa sita usiku sikuwa nimemaliza hata nusu. Nikampigia rafiki yangu ambaye anaediti kila siku. Alicheka kwanza.

"Si unamwona kwenye taimlaini? Weka ule mstari juu yake, chagua klipu, ubonyeze F."

"F tu?"

"F tu, bro."

Hapa ndipo nilielewa kitu ambacho nilipaswa kukijua miaka mitatu iliyopita. Taimlaini haibebi video ndani yake. Ni kama orodha ya maagizo: chukua faili fulani, anza fremu hii, ishia fremu ile. Ukikata sekunde nne, zile dakika nyingine hazijaenda popote. Kile kipande kidogo bado kinakumbuka kwao. Hiyo amri inaitwa Match Frame, na herufi F inafanya kazi kwenye Premiere Pro na pia DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure. Inakufungulia klipu asilia, kwenye fremu ile ile uliyosimama.

Nikabonyeza. Ikafunguka, dakika mbili na sekunde kumi. Nikavaa earphones.

Shosho anawatemea wasichana mate kidogo kifuani, vile wazee wa kwetu hubariki, akiwataja mmoja mmoja kwa jina. Akimaliza anageukia kamera na kuuliza kama huyu kijana amepewa chakula.

Huyo kijana ni mimi. Na nilikuwa nimemzima sauti.

Tangu usiku huo nimebadilisha mambo kadhaa, na hayagharimu hata shilingi.

Kwanza, kabla ya kukata chochote, natengeneza folda kwa kila kamera na kila kadi. Kisha ndani ya programu nazipa klipu muhimu majina ya kibinadamu: "shosho anabariki", "baba anatoa hotuba". Hapo ukiwa kwenye taimlaini ya Premiere, Ctrl na F inakufungulia kisanduku cha kutafuta. Andika "shosho", inakuja.

Pili, naweka alama. Video ikicheza, nikiona kitu cha maana nabonyeza M, naandika maneno mawili. Kwenye Resolve kuna orodha inayoitwa Edit Index, inayokuonyesha kila mkato, na unaweza kuiambia ikuonyeshe zile zenye alama pekee. Ukibonyeza mstari mmoja, unapelekwa hapo hapo.

Tatu, naacha kuburuta mausi kama mtu anayepiga deki. Vishale vya juu na chini kwenye kibodi vinakurusha kutoka mkato mmoja hadi mwingine.

Na usidhani hili ni tatizo letu sisi wa mtaani pekee. Walter Murch, Mmarekani aliyeshinda Oscar ya uhariri mwaka 1997 kwa filamu ya The English Patient, ana mazoea ya kutoa picha kutoka kila shoti na kuzibandika ukutani, ili filamu yote iwe mbele ya macho yake. Kama mtu wa kiwango hicho anahitaji ukuta mzima ili asipotee, wewe na mimi ni nani tusiweke hata jina?

Klipu niliituma Alhamisi asubuhi, nzima, bila muziki wala madoido. Mama aliuliza ni pesa ngapi. Nilimwambia shosho alishalipa, kwa sababu siku ile kweli nilipewa chakula, sahani mbili.

Ijumaa jioni alinitumia ujumbe mfupi: "Wote walilia, halafu pale kwa chakula wakacheka. Asante kijana wangu."

Ile diski bado ninayo. Nimeibandika karatasi yenye tarehe na jina la familia. Nafasi nitatafuta kwingine.