Shika penseli: faida ya kuchora mimea, na bustani zinazotunzwa na watu wa kujitolea

Leo naomba uweke jembe pembeni kidogo tuongelee penseli. Najua yupo atakayesema bwana shamba kaishiwa la kuandika. Subiri kwanza, maana jambo lenyewe linagusa mfuko wako.

Kila msimu wa mahindi, hapa Butimba na vijiji vya jirani, napokea picha nyingi kwenye simu. Nyingi zinafanana: jani moja la njano, halafu swali, "Bwana shamba, niweke mbolea gani?" Msimu uliopita mama mmoja alinitumia picha ya namna hiyo. Alikuwa anataka kukopa kwenye kikoba anunue mfuko wa yurea. Nikamwambia, mama yangu, kabla hujakopa, chukua daftari la mtoto unichoree shina moja zima, kuanzia mzizi mpaka juu. Akacheka sana. "Mwanangu, mimi na kuchora wapi na wapi?"

Lakini alichora. Na ili auone mzizi, ilibidi achimbe. Alipochimba taratibu akakuta vimche vyeupe vimeng'ang'ania mizizi ya mahindi, bado havijatokeza juu ya udongo. Kiduha hicho. Mbolea peke yake isingemmalizia tatizo, na deni la kikoba lingebaki palepale.

Sasa hiyo ndiyo faida ya kuchora. Picha ya simu inaonyesha kile ulichokwisha kukiona. Ukichora, unalazimika kuangalia na yale ambayo hujawahi kuyaangalia: majani yamekaa mawili mawili au moja moja? Shina ni la duara au lina pembe? Lina manyoya? Ua lina rangi gani? Ukanda wetu, kwa mfano, kuna kiduha chenye maua ya zambarau na kingine chenye maua mekundu. Ni mimea miwili tofauti, lakini ukimsikia mtu anasema tu "kiduha", huwezi kujua anacho kipi.

Wataalamu nao wanachora

Usidhani ni mambo ya shule ya msingi. Kuna kazi kubwa inaitwa Flora of Tropical East Africa, inayoeleza mimea ya porini ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1952, na kazi ikakamilika mwaka 2012. Ndani yake mna aina zaidi ya 12,000 za mimea, na michoro mingi ya wino mweusi. Kamera zilikuwepo muda wote huo. Michoro iliendelea kwa sababu mchoraji anaweza kuweka kwenye karatasi moja jani, ua lililopasuliwa, tunda na mbegu iliyokuzwa, bila kivuli wala majani ya jirani kuingilia.

Hapo Kenya alikuwepo Joy Adamson. Wengi wanamfahamu kwa habari za simba Elsa, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa mimea. Alifika Kenya mwaka 1937, akawa anachora maua na miti kwa rangi za maji, na mwaka 1947 akapewa medali ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Mtu anayechunguza mimea ya Kenya leo bado anaweza kujifunza kwenye michoro yake.

Bustani haijitunzi yenyewe

Mchoro unahitaji mahali pa kulinganishia. Umechora mti, sasa utajuaje ni mti gani? Ndipo zinapoingia bustani za mimea, ambako kila mti una kibao cha jina. Ng'ambo ya ziwa letu hili, Entebbe, ipo bustani iliyoanzishwa mwaka 1898, na humo yalifanyiwa majaribio mazao kama mpira na kakao. Kwetu Tanzania iko Amani, milima ya Usambara Mashariki, iliyoanza mwaka 1902.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Nairobi Arboretum. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti inayokua haraka, kwa sababu treni za wakati ule zilikula kuni nyingi. Baadaye mahali hapo pakachakaa, vichaka vikafunga, na watu wakawa wanaogopa kupita. Mwaka 1993 wananchi wakaunda kikundi cha marafiki wa bustani hiyo, Friends of Nairobi Arboretum. Watu wa kujitolea wakaanza kuchangisha fedha, kuweka majina kwenye miti na kuwatembeza wageni. Leo familia zinaenda kupumzika, na wanafunzi wanaenda kusoma miti.

Sisi tunaweza nini hapa Butimba?

Wachoraji tunao. Chuo cha Ualimu Butimba kinajulikana kwa kufundisha walimu wa sanaa. Miti tunayo pia: mikuyu, mikwaju, na mingine ambayo wazee wanajua majina yake kwa Kisukuma lakini vijana hawayajui. Na ufukwe upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi wanaliona eneo hilo kama hasara. Mimi naona ni mahali ambapo miti ya asili inaweza kubaki, ikapewa vibao, na watoto wakajifunza. Ila ongea kwanza na serikali ya mtaa, usiende na vibao vyako kimyakimya. Kama ufukwe ni mbali, anzia uwanja wa shule au zahanati. Watu watano na miti kumi wanatosha kuanza.

Namna ya kuchora mmea unaokusumbua

1. Chimba mmea mzima, usiuvute kwa nguvu. Mizizi ikikatika umepoteza ushahidi.

2. Chora umbo lote kwanza, halafu jani moja kwa ukubwa wake halisi. Unaweza kuliweka juu ya karatasi ukalizungushia penseli.

3. Chora ua na mbegu pembeni. Bila ua au tunda, mimea mingi ni vigumu kuitambua kwa uhakika.

4. Andika urefu kwa sentimita, rangi na harufu. Rangi hufifia mmea ukinyauka, kwa hiyo andika ungali shambani.

5. Andika tarehe, mahali, zao lililopo na jina la mmea kwa lugha ya nyumbani.

6. Kausha mmea mmoja katikati ya magazeti, weka kitu kizito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka ukauke.

Ukigundua ni kiduha, king'oe kabla hakijatoa maua, maana mche mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini miaka mingi. Msimu unaofuata badilisha zao, panda jamii ya kunde kama karanga au soya. Kupanda mahindi pamoja na desmodiamu nako kunasaidia. Mbinu hiyo ilifanyiwa utafiti Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hili hili.

Usiogope kwamba mchoro wako ni mbaya. Ule wa yule mama ulikuwa na majani kama masikio ya sungura, lakini mizizi aliichora vizuri, na mizizi ndiyo niliyokuwa naihitaji. Kwa hiyo ukija ofisini, njoo na daftari. Na kama mtaani kwako kuna mzee anayejua majina ya miti, mkalishe kivulini na kijana mwenye penseli kabla majina hayo hayajapotea.

Kilimo chema.