Nafsi Tatu Darasani: Sarufi ya Kiswahili kama Mlango wa Kufundishia Utatu Mtakatifu katika Kidato cha Tano na cha Sita

Makala haya yanafafanua namna fundisho la Utatu Mtakatifu linavyoweza kufundishwa kwa wanafunzi Wakatoliki wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania kwa kuanzia na neno moja ambalo tayari wanalo, yaani nafsi. Wengi wao walijifunza katika mafundisho ya komunyo ya kwanza na ya kipaimara kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, na jibu hilo wanalikumbuka bila kukosea. Ugumu hujitokeza bwenini, pale mwenzao Mwislamu anapouliza, pengine kwa nia njema kabisa, iwapo Wakristo wana miungu watatu. Aliyekariri tu hana la kuongeza. Hunyamaza, au hubisha.

Somo la Diviniti linalotahiniwa kidato cha sita halizibi pengo hilo. Limejengwa zaidi juu ya vitabu vya Biblia, hufanywa na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, tena kwa Kiingereza. Kwa hiyo theolojia ya Kikatoliki huangukia kipindi cha dini kinachoendeshwa na padri, mtawa au katekista. Mwongozo wa Jumla wa Katekesi wa mwaka 1997 unatofautisha mafundisho ya dini shuleni na katekesi, na kuyataka yale ya shuleni yawe na uzito wa kitaaluma sawa na masomo mengine. Takwa hilo ni zito kuliko linavyochukuliwa.

Sasa neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida nafsi ni roho ya mtu, au yeye mwenyewe. Katika somo la Kiswahili, hata hivyo, mwanafunzi ameifahamu kwa maana nyingine: nafsi ya kwanza ndiye asemaye, ya pili ndiye asemezwaye, ya tatu ndiye asemwaye. Ulinganifu huu haufai kupuuzwa, kwa kuwa neno la Kilatini persona nalo lilitumiwa na wanasarufi kwa maana hiyohiyo. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Karthago alijenga hoja yake juu ya msingi wa namna hiyo: katika Maandiko yupo asemaye, yupo anayeambiwa, na yupo anayetajwa, basi Baba, Mwana na Roho si majina matupu ya mmoja yuleyule.

Darasani, wanafunzi wasome habari za ubatizo wa Yesu katika Marko 1 na Mathayo 3, kisha waonyeshe nafsi zilizotumika. Katika Marko, sauti kutoka mbinguni inamsemesha Mwana kwa nafsi ya pili. Katika Mathayo inamtaja kwa nafsi ya tatu, kana kwamba inawaambia waliosimama kando. Roho hasemi neno. Anashuka kama njiwa. Mwalimu aulize: je, huyu ni mmoja anayejisemesha peke yake?

Mfano huu una mpaka wake, na mpaka huo ndio wenye manufaa zaidi. Juma akisema ni mimi, akiambiwa ni wewe, akiondoka ni yeye, ilhali Juma ni mmoja tu. Mwanafunzi atakayeligundua hilo amefika, bila kujua, kwenye fundisho linalohusishwa na Sabelio, lililowafanya Baba, Mwana na Roho kuwa sura tatu za mmoja. Asikatizwe. Aulizwe upande wa pili: Petro, Yakobo na Yohane wana ubinadamu mmoja, mbona twawahesabu watu watatu? Gregori wa Nisa alilishughulikia swali hilo katika karne ya 4, akajibu kwamba wanadamu hutenda kila mmoja kivyake, ilhali tendo la Mungu ni moja, hutoka kwa Baba, hupitia kwa Mwana, hukamilika katika Roho Mtakatifu. Jibu hili lahitaji kipindi chake peke yake, na darasa lichoke kidogo nalo.

Jambo moja la tahadhari. Kauli kwamba Utatu ni fumbo ni ya kweli, lakini ikitamkwa mwanzoni mwa kipindi huwa kufuli. Kwa sababu hiyo tunapendekeza zoezi la upimaji liache maswali ya "taja" na badala yake limtake mwanafunzi amwandikie mwenzake asiye Mkristo aya mbili kuhusu Mungu mmoja katika Nafsi tatu, pasipo kulitumia neno fumbo hata mara moja.