Nyota wa kikapu kulipwa 'max' na kudai kuhama: ni haki yake au tamaa? Hili hapa somo kwa machalii wa Arusha

Mechi nyingi za NBA zinaanza kati ya saa 9 usiku na saa 12 asubuhi kwa saa zetu. Kwa hiyo ukimkuta chalii wa Ngarenaro au Kijenge anasinzia kwenye daladala, usimseme sana. Huenda amekesha na simu.

Na ukikaa naye kijiweni, ubishi ni ule ule: "Mtu analipwa mabilioni, halafu bado anadai ahamishwe timu! Si dharau hiyo?"

Swali ni zuri. Ila kabla ya kuhukumu, tuelewe kwanza mambo yanavyokwenda. Na kama wewe au mdogo wako mnacheza mpira wowote mkitarajia kulipwa siku moja, soma mpaka mwisho.

'Max' ni nini hasa?

Wengi wanadhani 'max' ni zawadi ya timu kwa nyota wake. Ukweli ni kwamba 'max' ni kikomo. Ni kiasi ambacho timu hairuhusiwi kukizidisha hata ikitaka.

Kila msimu ligi inaweka kiwango cha bajeti ya mishahara kwa timu. Msimu wa 2025/26 ni dola milioni 154.6. Mshahara wa juu wa mchezaji unatokana na hapo:

- Aliyecheza NBA miaka 0 hadi 6: asilimia 25
- Miaka 7 hadi 9: asilimia 30
- Miaka 10 na kuendelea: asilimia 35

Mkongwe wa kundi la mwisho anaanzia takriban dola milioni 54 kwa mwaka, zaidi ya Sh130 bilioni. Wapo pia vijana wachache wenye tuzo kubwa wanaoruhusiwa kupanda daraja moja kabla ya wakati.

Zamani hapakuwa na kikomo hicho. Msimu wa 1997/98 Michael Jordan alilipwa dola milioni 33 na ushee na Chicago Bulls, wakati bajeti ya timu nzima ilikuwa takriban dola milioni 27. Mtu mmoja alizidi bajeti! Matajiri wa timu wakashtuka, ligi ikafungwa kwa miezi, na mwaka 1999 'max' ikazaliwa.

Anastahili au hastahili?

Muulize mtu yeyote aliyewahi kushika biashara ya tanzanite, na hapa Arusha hawakosekani. Jiwe moja safi la gramu kumi halina bei ya mawe kumi ya gramu moja moja. Kubwa na safi ni adimu, na adimu ndiyo inayolipwa.

Kikapu kiko hivyo hivyo. Uwanjani wapo watano tu kila upande, na nyota anacheza sehemu kubwa ya mechi. Akiwa bora, timu nzima inapanda. Tiketi zinauzwa, jezi zinauzwa, televisheni zinalipa. Mikataba mipya ya matangazo ya NBA iliyoanza msimu huo wa 2025/26 ni ya miaka 11 na ina thamani ya takriban dola bilioni 76. Hakuna anayelipa hela hizo ili amuone mwenye timu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Wachezaji wa NBA kwa pamoja wanachukua karibu nusu ya mapato ya ligi. Kwa hiyo nyota anapozuiwa kulipwa zaidi, sehemu kubwa ya hela hiyo inawaendea wachezaji wa kati. Yaani kikomo cha nyota kinamsaidia mwenzake wa benchi.

Upande wa pili pia una hoja. Timu ikiwa na wachezaji wawili wa 'max', theluthi mbili ya bajeti inaweza kuishia kwao. Mmoja akiumia goti, msimu umekwisha. Tatizo hapo ni timu kumpa 'max' asiye wa kiwango hicho, na kosa hilo ni la aliyesaini hundi.

Drafti moja, somo mara tatu

Turudi mwaka 2009. Katika drafti ya mwaka ule, Mtanzania Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 akawa Stephen Curry.

*Thabeet.* Mkataba wa kwanza NBA unapangwa kwa namba uliyochaguliwa. Kwa hiyo Hasheem alianza kwa kulipwa zaidi ya Curry! Mambo hayakwenda vizuri uwanjani, na Februari 2011 Memphis ikampeleka Houston Rockets katika dili la kumpata Shane Battier. Hakuomba. Aliambiwa, akafungasha. Lakini mkataba ulimlinda: alihama na mshahara wake, wala hakuna aliyemwambia "hujafunga pointi za kutosha, rudisha hela."

*Curry.* Mwaka 2012, akiwa anasumbuliwa na kifundo cha mguu, alisaini miaka minne kwa dola milioni 44. Kisha akalipuka. Akawa mchezaji bora wa ligi 2015 na 2016, akalipwa chini ya wengi waliokuwa chini yake kwa uwezo. Hakuvunja mkataba. Alisubiri, na mwaka 2017 akasaini miaka mitano kwa dola milioni 201.

*Harden.* Huyu ndiye anayewakera mashabiki. Alishinikiza kuondoka Houston (Januari 2021), Brooklyn (Februari 2022) na Philadelphia (2023). Mara zote tatu alihama. Agosti 2023 NBA ilimpiga faini ya dola 100,000 kwa kauli zake hadharani.

Unaona picha? Mkataba ni kamba inayofunga pande mbili. Ukishuka, timu inaendelea kukulipa. Ukipanda, unaendelea kuitumikia kwa bei ya zamani.

Na timu nazo je?

Februari 2025 Dallas Mavericks ilimpeleka Luka Dončić Los Angeles Lakers. Msimu uliotangulia alikuwa ameifikisha timu fainali. Hakuomba kuondoka. Na kwa kuhamishwa akapoteza nafasi ya kusaini ule mkataba mkubwa kuliko yote, ambao hutolewa na timu iliyokulea.

Timu ikifanya hivyo tunasema "ni biashara." Mchezaji akifanya tunasema "hana shukrani." Hapo mizani haiko sawa.

Mchezaji kuomba kuhama, kwa maoni yetu, si kosa. Kuomba siyo kuondoka, maana timu inaweza kukataa. Kosa linaanza pale anapogoma mazoezi au kucheza chini ya kiwango makusudi huku mshahara anapokea. Hapo ameshika ncha yake ya kamba na kukata ya mwenzake.

Yaliyotokea hapa kwetu: Fei Toto

Usidhani haya ni ya Marekani tu. Kwenye soka letu tuliyaona.

Desemba 2022 kiungo Feisal Salum 'Fei Toto' aliiandikia Yanga kuwa anavunja mkataba, huku upande wake ukilipa Sh112 milioni ukiamini zinatosha kununua uhuru wake. Yanga ikakataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga.

Ikawa miezi ya vuta nikuvute. Fei hachezi, klabu haina kiungo wake, mashabiki wamegawanyika. Juni 2023 hata Rais Samia Suluhu Hassan, alipowaalika Yanga Ikulu, aliwaomba walimalize. Siku chache baadaye Azam FC ikamtambulisha baada ya klabu mbili kukubaliana.

Msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya Ligi Kuu, mawili nyuma ya kinara Stephane Aziz Ki. Kwa hiyo thamani yake ilikuwepo kweli. Ila aliipata baada ya kukaa nje karibu nusu msimu, umri ambao mchezaji harudishiwi.

Sasa linganisha. Harden alihama bila mahakama kwa sababu NBA kila kitu kimeandikwa na wachezaji wana chama chenye nguvu kilichokaa mezani na ligi. Kwa Fei, pande mbili ziliusoma mkataba mmoja kwa macho mawili tofauti.

Kabla hujasaini, angalia haya

Leo klabu ya ligi inaweza kumwona kijana Sakina, Tengeru au Usa River na kumwekea karatasi mezani siku hiyo hiyo. Furaha isikupofushe. Uliza:

1. *Nikitaka kuondoka, bei ni kiasi gani?* Iandikwe kwa tarakimu na maneno, pamoja na tarehe ya mwisho ya taarifa.
2. *Mshahara ukichelewa?* Kwenye soka, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15.
3. *Nikiumia?* Nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea kwa muda gani?
4. *Nikipanda kiwango?* Weka kipengele cha kuongezewa au kukaa upya mezani. Curry alisubiri miaka, wewe huna akiba ya kusubiri.
5. *Nakala yangu iko wapi?* Usiondoke bila nakala iliyosainiwa, na ampe wakili aisome kabla mzazi hajashangilia.

Nyota wa kweli anastahili 'max' yake, na ana haki ya kuomba kuhama. Lakini nguvu ya kuomba haitokani na kelele za mitandaoni. Inatokana na kile kilichoandikwa siku ile uliposhika kalamu.

Wewe unaonaje? Mchezaji wako akidai kuhama kesho, utamwita msaliti au utauliza kwanza mkataba wake unasemaje?